Viuno Viwili na Mkataba wa Mashine za Mpunga

Mimi ni mtu wa nyumbani, na sisemi hivyo kwa majivuno. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne walipanda treni wakaenda kutafuta maisha Tabora, Mwanza na Dar es Salaam. Mimi nami nilipanda. Nilifika Tabora, nikakuta stesheni imejaa watu wasionijua na wala hawana haja ya kunijua, nikanunua karanga, nikasubiri treni ya kurudi. Mama aliponisikia nabisha hodi aliuliza kama kuna kitu nimesahau. Nikamjibu, ndiyo, kitanda.

Basi nikawa fundi redio hapohapo Mpanda, Kashaulili, nyuma ya mtaa wa mashine za kukoboa mpunga. Meza yangu ya kazi ilikuwa barazani, na kutoka kitandani hadi kazini sikuhitaji kuvaa viatu. Anayetoka alikuwa mke wangu. Yeye alikuwa mpepetaji kwenye mashine kubwa kuliko zote, na jioni alirudi na pumba kwenye nywele na habari zote za mji mdomoni. Watani wa mtaani walisema nimeolewa. Sikubisha. Mtu aliyeolewa vizuri hana sababu ya kubishana.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, tukiwa bado mkoa wa Rukwa, na kila aliyeuza ng'ombe wa kutosha alikuwa ananunua mashine. Mpunga ulikuja kwa mikokoteni kutoka Kakese, ukakobolewa kwetu, mchele ukapanda treni. Injini za dizeli zilianza alfajiri na kunyamaza jioni. Mgeni aliyelala kwangu alilalamika kelele. Mimi nililala vizuri zaidi zikiwa zinanguruma, maana nilijua mke wangu yuko kazini na chakula kitapatikana.

Katika nyumba hiyo tulikuwa pia na shemeji, mdogo wake mke wangu. Alikuwa mbeba magunia kwenye mashine ileile. Shemeji hakuwa na shamba, wala hakujua kutengeneza redio. Alikuwa na mgongo, na huo mgongo ndio uliokuwa kazi.

Sasa mbeba magunia ana rafiki mmoja muhimu, naye ni mtwishaji. Gunia la mchele huwezi kujiinulia mwenyewe ukajiweka begani. Lazima awepo mtu wa kukutwisha. Kila mashine ilikuwa na mtwishaji wake, mpaka msimu ule wenye mashine walipokaa wakaona kwamba mtwishaji anakula bure, kwa kuwa yeye habebi, anainua tu. Wakawaondoa. Wakati huohuo magunia yakaanza kuota vilemba. Gunia likishajaa hadi mdomoni, linaongezewa mchele juu, linafungwa kwa kamba na majani, linakuwa lumbesa. Ni refu kama mtu mwenye hasira, lakini kwa mbebaji linahesabiwa gunia moja tu.

Shemeji alijitwisha lumbesa peke yake, na kiuno kikasema kwaheri.

Wenzake walimleta nyumbani wakiwa wamemshika huku na huku kama bwana harusi aliyelewa, wakamlaza kwenye kochi. Ninasema kochi kwa sababu lilikuwa moja, na lilikuwa langu. Siku hiyohiyo mwenye mashine akatuma neno kwamba anampa pole sana, na kwamba akipona atafute kazi nyingine, nafasi yake imeshachukuliwa.

Mke wangu hakulia. Alisimama katikati ya sebule, mikono kiunoni.

"Atafute kazi gani? Aende ziwani Kapalamsenga akavute nyavu na kiuno hiki? Hana pengine pa kwenda mdogo wangu. Pale ndipo pake."

"Dada, usipige kelele," shemeji akasema kutoka kwenye kochi. "Shemeji anasikiliza redio."

"Redio ya nani?" nikauliza. "Mbona iko tumboni kwako?"

"Nimeikumbatia ili isiibiwe."

Kesho yake wabebaji wa mashine ile hawakugusa gunia. Keshokutwa wapepetaji wakaweka nyungo chini, mke wangu akiwa wa kwanza. Kabla ya wiki kuisha mtaa mzima ulikuwa umenyamaza, kila mashine, na mimi nikakosa usingizi kwa utulivu.

Aliyewaongoza wagomaji alikuwa mbebaji mmoja mrefu, mtu wa familia za Warundi wa Katumba, ambaye Jumapili alihubiri na Jumatatu alibeba magunia. Tulimwita mwinjilisti. Hakuwahi kutukana wala kupandisha sauti, na hilo liliwatisha wenye mashine kuliko matusi. Madai yake yalikuwa matatu. Gunia lishonwe mdomo, lisivae kilemba. Mtwishaji arudishwe. Na mtu akiumia kazini, nafasi yake isubiri, apewe kazi nyepesi mpaka apone. Hilo la tatu ndilo lililokuwa limelala kwenye kochi langu.

Afisa kazi alikuja kutoka Sumbawanga, amejaa vumbi la njia nzima mpaka kwenye nyusi. Akawasikiliza wote, akasema: "Nyie mnajuana kuliko ninavyowajua mimi. Kaeni, mkubaliane, muandike mkataba wa hali bora unaohusu mashine zote, siyo moja moja. Mkimaliza nitarudi kugonga muhuri." Akanywa chai, akaondoka.

Ikawa swali, wakae wapi? Wagomaji walisema hawaingii kwenye uwanja wa mwenye mashine kama waombaji. Wenye mashine walisema hawaendi kanisani kwa mwinjilisti, maana huko ana wateja wengi. Ofisi ya kata ilikuwa na kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa msibani Inyonga.

"Kwa fundi," mtu akasema. "Fundi hana upande. Hata upande wa kutokea nyumbani hana."

Wote wakacheka, na ikapita hivyohivyo. Kwa kuwa nilikuwa na kidato cha nne, wakanifanya na mwandishi. Mke wangu nilipomwambia kwamba mtu ambaye mke na shemeji yake wamo kwenye mgomo hafai kuwa mwandishi, alinijibu: "Wewe andika wanachosema. Kwani redio huwa inachagua taarifa?"

Upande wa wenye mashine ulisemewa na mwenyekiti wao, yule mwenye mashine kubwa. Alikuwa Msukuma mnene, mcheshi, aliyefika Mpanda na ng'ombe wake akakuta mpunga unalipa kuliko maziwa. Aliingia kwangu, akamtazama shemeji kwenye kochi, akasalimia vizuri kabisa, kisha akatafuta kiti. Hakukuwa na kiti. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na kikao kikaanza.

La kwanza na la pili yalipita mapema kuliko nilivyotegemea. Kilemba cha gunia alikubali kukivua, maana hata wanunuzi wa Tabora walishaanza kunung'unika kwamba magunia yanapasuka njiani. Mtwishaji alikubali kumrudisha. Tulipofika la tatu, mzee huyo akajifuta jasho.

"Mwanawane! Mtu amelala kwake, mimi nimlipe kulala? Hata ng'ombe wangu akilala namchapa kidogo."

"Hatusemi alale, mzee," mwinjilisti akasema polepole. "Tunasema apewe kazi ya kukaa. Kushona magunia, kwa mfano. Mpaka kiuno kirudi."

"Kazi ya kukaa ni yangu. Mashine moja haiwezi kuwa na wakaaji wawili."

Wenzake wakaangua kicheko. Hata shemeji alicheka, ila alishika kiuno mara moja akaacha. Jua likapanda, hoja zikazunguka palepale kama ng'ombe kwenye kigingi, na mimi nikawa naandika "pande zote zimeendelea kushauriana" kila mara nilipokosa la kuandika.

Njaa ilipoanza kuuma ndipo lilipotokea jambo lenyewe.

Lazima nieleze kidogo. Mgomo ulipofunga mashine, haukuwafunga wenye mashine tu. Uliwafunga na akina mama wote wa mji. Mpunga ulikuwepo tele ndani, lakini hakuna wa kuukoboa, ikabidi vinu vitolewe stoo, vifutwe buibui, watu warudi kutwanga kama bibi zao. Wanawake hawakuwalaumu wagomaji wala wenye mashine. Walilaumu wanaume kwa ujumla. Nyumba nyingi mtaani kwetu zikawa na sheria mpya, kwamba anayetaka wali atwange. Mimi mwenyewe nilishatwanga, nikatoa chenga tupu, na mke wangu akasema kuku nao wana haki ya kula.

Basi mzee akanusa mgebuka ukikaangwa uani. Ulikuwa umekuja asubuhi hiyo kutoka ziwani. Akauliza kwa adabu ya mgeni:

"Mama, hapa kwenu wageni hula saa ngapi?"

Mke wangu akatokea mlangoni. "Wakati wowote, baba. Samaki tayari. Mchele nao upo, ila bado umevaa nguo."

Akatoa kinu, akakisimamisha katikati ya ua, akamwaga mpunga, akaegemeza michi miwili.

"Mashine zimefungwa," akasema. "Za nani sijui, na zimefungwa na nani sijui. Ila hapa kwangu atakayekula atatwanga. Mmoja kutoka upande huu, mmoja kutoka upande ule. Sitaki kusikia eti upande mmoja umekula jasho la mwenzie."

Kwetu mgeni akiondoka na njaa ni aibu ya mwenye nyumba, lakini mgeni akikataa kazi aliyopewa na mama mwenye nyumba, aibu inahamia kwake. Mzee alilijua hilo kama tulivyolijua sote. Alivua koti, akanikabidhi mimi kama msumari wa ukutani. Mwinjilisti akakunja mikono ya shati. Kila mmoja akashika mchi.

Kutwanga watu wawili kwenye kinu kimoja ni kupokezana. Wako ukishuka, wa mwenzio unapanda. Wasichana wa kwetu hulijua hilo kabla hawajajua kusoma. Wale wanaume wawili waliinua pamoja, wakashusha pamoja, na michi ikagongana katikati ya kinu kama fahali wawili. Mpunga ukaruka. Kuku wakakimbilia.

Majirani walishajipanga kwenye ua wa mabua.

"Baba, unatwanga au unachimbia nguzo ya zizi?"

"Mwinjilisti, usiuombee, upige!"

"Mama wee, funga kuku wako, leo wanakufa kwa shibe!"

Mzee alikuwa anacheka na kutoka jasho. Wakajaribu tena, wakagongana tena. Ndipo sauti ikatoka dirishani, kutoka kwenye kochi. Shemeji alikuwa anaita kama wabebaji wanavyoitana wakipakia behewa, sauti moja ya kuinua na moja ya kushusha:

"Mzee juu! Mwinjilisti chini! Mzee chini! Mwinjilisti juu!"

Kwa mara ya kwanza michi ikapishana. Tu, tu, tu, tu. Ua mzima ukapiga makofi. Nakuambia ukweli, ilikuwa raha kuwatazama, yule mnene na yule mrefu, kila mmoja anampisha mwenzie, na mpunga unaanza kuonyesha meno meupe. Nikafikiri, haya, mkataba umepatikana, watakula, watakumbatiana, nami nitarudishiwa kochi langu.

Kumbe mzee amenogewa. Kuna ufundi wanawake wetu wanao, wa kuurusha mchi juu, kupiga kofi mikono ikiwa mitupu, na kuudaka ukiwa njiani kushuka. Ni madoido, hayaongezi mchele hata punje. Mzee akawatazama akina mama uani, akatabasamu, akasema, "Mnadhani mimi sijazaliwa na mama?" Akaurusha mchi, akapiga kofi.

Kofi lilikuwa zuri. Mchi ndio uliokwenda upande mwingine. Akajipinda kuufuata, akaudaka kweli, kisha akabaki palepale, ameinama, mchi mkononi, kama mtu anayetafuta sindano chini.

"Mzee?" mwinjilisti akaita.

"Msiniguse."

"Nini?"

"Kiuno."

Hakuna aliyecheka. Tulitamani, lakini uso wa mzee ulikuwa umepauka, na maumivu ya kiuno ni ya kweli hata kwa tajiri. Mke wangu alimshika mkono. "Pole baba. Aletwe ndani."

Mbebaji mmoja, kijana mwenye mabega mapana, akasogea, akamwangalia mzee juu hadi chini kama anavyoangalia mzigo.

"Peke yangu simbebi," akasema. "Huyu lumbesa. Anatakiwa mtwishaji."

Hapo sasa tulicheka. Alianza mzee mwenyewe, huku ameinama, analia "Ayaa, msinichekeshe, msinichekeshe jamani!" Wakaja wawili wakamwinua, mwinjilisti akamshika miguu, wakamwingiza sebuleni. Kochi lilikuwa na mtu. Likaletwa godoro la kitandani kwangu, likatandikwa chini, mzee akalazwa. Nikasimama katikati nimeshika koti. Asubuhi nilikuwa na kiuno kimoja kwenye kochi langu. Sasa nilikuwa na cha pili kwenye godoro langu.

Tabibu wa zahanati alikuja, akabonyeza hapa na pale, akasema hakuna kilichovunjika, ni msuli, asisafirishwe kwenye barabara ya mashimo, alale palepale chali mpaka alegee. Mke wa mzee akaja jioni na blanketi. Tulidhani atasikitika. Alimtazama mumewe, akatutazama sisi, akasema:

"Mkae naye tu. Nyumbani amezidi kelele."

Ndivyo tulivyoanza kuishi. Asubuhi mke wangu aliwakanda mdogo wake na mzee kwa maji ya moto, kitambaa kilekile, na wote wawili walilalamika kwa sauti ileile. Walibishana redio iwekwe stesheni gani. Mzee alitaka bei za mazao, shemeji alitaka muziki. Mimi, fundi mwenye redio, sikuulizwa.

"Kijana," mzee alimwambia siku moja, "wewe mbona unakoroma hivyo? Hata injini yangu haikoromi hivyo."

"Injini yako inapumzika, mzee. Imegoma."

"Na wewe ukipona utagoma tena?"

"Kazi yenyewe sina, nitagomea nini?"

Mzee akageuza uso ukutani, jambo lililomchukua muda, kwa kuwa kila kugeuka kulikuwa na "ayaa" yake.

Lakini hakukaa bure. Alilala chali asubuhi hadi jioni, na asubuhi hadi jioni alifanya kazi. Alituma watu kuulizia mafuta ya dizeli. Alipatana bei na mkulima wa Kakese aliyesimama mlangoni kofia mkononi. Alimgombeza dereva wake kupitia dirishani. Mara moja alinituma mimi kwenda stesheni kuuliza behewa, nikatafuta kijana wa jirani kwa macho, sikumwona, ikabidi nivae viatu.

Siku moja wakaja wenye mashine wenzake, watatu hivi, wamevaa vizuri. Walileta ndizi. Walimpa pole kwa maneno mengi, na nilijua kuna jambo, kwa kuwa mtu asiye na jambo haleti ndizi nyingi hivyo. Mmoja wao, mwenye mashine ndogo karibu na soko, akakohoa.

"Sasa mzee wetu, tumekaa tukaona, wewe umechoka. Pumzika. Uenyekiti wetu tutampa mtu mwingine. Na lile behewa letu la pamoja pia, mwingine atalishughulikia. Ukishapona, basi, tutaona."

Mzee alinyanyua kichwa kutoka kwenye mto. Sijamwona amekasirika hivyo, hata siku mgomo ulipoanza.

"Mtaona nini?"

"Tutaona tu, mzee. Kama nafasi itakuwepo."

"Nafasi yangu? Mimi nimelala mgongo, sijalala akili! Asubuhi hii nimenunua mpunga nikiwa hapa chini. Wewe umenunua nini ukiwa umesimama? Kiuno kitapona, na nikipona nikute nafasi yangu ipo palepale nilipoiacha!"

Kutoka kwenye kochi kikasikika kikohozi kidogo.

Wenzake wakatazama ndizi. Mke wangu, aliyekuwa anapita na ndoo, alisimama, akaiweka ndoo chini taratibu.

"Usicheke," mzee akamwambia shemeji.

"Sicheki, mzee. Nimekohoa."

"Umecheka."

"Nikicheka kiuno kinauma. Nimekohoa."

Mzee akatazama dari yangu kwa muda. Dari yenyewe ni mabati, hakuna cha kutazama. Kisha akasema, bila kugeuza kichwa:

"Fundi. Lete kalamu. Muite na mwinjilisti."

Mwinjilisti alikuja mbio, pumba za kinu cha nyumbani kwake bado ziko kwenye suruali, nikaelewa kwamba naye alikuwa chini ya sheria mpya. Wenye mashine wale wengine hawakuruhusiwa kuondoka. Wakakalishwa, mmoja kwenye ndoo, wawili kwenye ukingo wa godoro, na kikao kikafunguliwa wawili wakiwa wamelala.

Nilianza kwa lugha niliyofundishwa sekondari. "Kwa kuwa pande husika, kwa kutambua umuhimu wa mahusiano mema..."

"Fundi," mzee akanikatiza, "hiyo ni taarifa ya habari au mkataba? Andika: mtu akiumia kazini, ameumia yeye, nafasi yake haijaumia. Ikae, imsubiri."

"Na apewe kazi ya kukaa," mwinjilisti akaongeza.

"Na apewe kazi ya kukaa." Mzee akavuta pumzi. "Lakini mwinjilisti, na mimi nina neno. Atakayesema amepona au hajapona ni tabibu. Siyo yeye, siyo dada yake."

"Siyo na mwenye mashine," mwinjilisti akasema.

"Siyo na mwenye mashine. Andika."

Yule wa mashine ndogo akafungua mdomo kusema kwake yeye hakuna nafasi ya kazi ya kukaa. Mzee akamwangalia kutoka chini, na ni ajabu jinsi mtu aliyelala anavyoweza kumwangalia aliyekaa hadi aliyekaa akajiona mfupi. "Magunia yako hayashonwi?" Basi. Ikawa imekwisha. Kilichobaki ni mimi kuandika kwa mwandiko unaosomeka, na wao kuigombea kalamu yangu moja. Mzee alisaini akiwa chali, karatasi ameiinua juu ya uso, wino ukagoma kushuka mara tatu, wagomaji wakasema hata kalamu imejiunga.

Afisa kazi aliporudi kugonga muhuri alisoma kumbukumbu zangu za vikao mpaka mwisho. Akauliza kwa nini nimeandika kwamba wajumbe wawili walihudhuria wakiwa wamelala. Nikamwambia nimeandika nilichokiona. Akagonga.

Siku ya kufungua mashine, mtaa ulinguruma kabla ya jua, na shemeji aliamka kabla ya mngurumo. Alioga. Alivaa shati la Jumapili, dada yake akamvua akampa la kazi. Alitembea polepole, mkono mmoja kiunoni, na mke wangu alitembea kwa mwendo huohuo, ungo kichwani. Mimi nami niliwafuata kwa nyuma, kwa sababu ambazo sikuzieleza kwa mtu.

Walimwekea kigoda mlangoni mwa mashine, na sindano ya gunia, ile ndefu iliyopinda, na kibunda cha uzi wa katani. Mzee alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti chake na fimbo mpya, hajanyooka vizuri bado. Wabebaji walipita na magunia, mtwishaji yuko nyuma yao, na kila mmoja alikuwa na neno kwa shemeji.

"Shikamoo bosi mdogo!"

"Mwenzetu umepanda cheo, unalipwa kwa makalio!"

"Pita huko," shemeji akawajibu, "unanizibia mwanga."

Alijifanya anajua kushona. Hakujua. Katika maisha yake alibeba maelfu ya mishono bila kuutazama hata mmoja. Alipenyeza sindano, akavuta, akapenyeza tena, ulimi nje pembeni ya mdomo, na mshono ulipomalizika ulipanda na kushuka mdomoni mwa gunia kama njia ya mbuzi. Mchele ukaanza kuchungulia.

Mzee alisogea kwa fimbo, akainama kidogo alipoweza kuinama.

"Hii ni nini?"

"Ni mshono, mzee."

"Fumua."

"Mkataba haujasema mshono uwe umenyooka."

"Haujasema. Fumua."

Mke wangu alikuwa anapepeta pale karibu, anatazama chini, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Shemeji akamtazama mzee, akatazama gunia, akaanza kufumua, huku ananung'unika kwamba kuna watu walikuwa wapole sana walipokuwa wamelala. Mzee akavuta kiti chake karibu, akakaa kwa "ayaa" ndogo, akamshikia mdomo wa gunia usifunguke.

"Haya," akasema. "Anzia huku. Na ufinye."